Komeo la Ndani

Tarehe 4 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Habari za afya? Shangazi aliponipa anwani yako alisema sikio la kushoto limeshakufa na la kulia linafuata, kwa hiyo simu kwako ni kelele tupu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Sisi huku hatujambo, ukiacha magoti ya Mama, ambayo siku za baridi yanamfanya apande ngazi kwa kuzitukana.

Najua utashangaa. Mara ya mwisho tulionana msibani kwa Babu, ukanipa mkono kama unampa afisa. Sikuandikii kwa ajili ya hayo. Nafanya kazi kwenye duka la fundi redio, napokea vilivyoharibika na kuuza vilivyopona. Juzi ukumbi mmoja wa zamani wa dansi ulibomolewa, na bosi wangu, tunamwita Waya, akanunua vyote vilivyobaki: spika, viti, na masanduku mawili ya santuri. Kazi ya kuzifuta na kuzijaribu nimepewa mimi. Humo ndani zimo za bendi yenu! Uko kwenye jalada, umekumbatia gita, umevaa suruali ambayo ingetosha pazia la sebuleni.

Nimesikiliza tatu. Maoni yangu nakupa bure, usininunie. Ule wa harusi ya tajiri: mpiga tarumbeta analia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua. Ule wa msafiri ni mzuri, ila mmeaga mara nyingi mno, mpaka msikilizaji anatamani muondoke kweli. Ule wa tatu maneno ni ya kitoto. Lakini katikati yake wenzako wote wananyamaza, gita lako linabaki peke yake. Pale nilirudisha sindano, nikarudisha tena, mpaka Waya akauliza kama nimelipwa kusikiliza au kufuta vumbi.

Ukipata nafasi, nijibu.

Ni mimi mwanao.


Tarehe 19 Februari

Kinanda wangu,

Marahaba, marahaba sana. Unakumbuka kwamba nilikuita Kinanda? Ulipokuwa mchanga ulikuwa ukilia kwa sauti mbili kwa mpigo, ya juu na ya chini, nikamwambia mama yako huyu hakuzaliwa, alinunuliwa dukani. Mimi mzima. Shangazi yako ananilisha vizuri na kunifokea vizuri. Kufoka kwake sikusikii, kwa hiyo tunaelewana.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Yule mbuzi wako ni marehemu sasa, Mungu amrehemu, na siku ile alikuwa na jino bovu. Unadhani tungefanyaje? Chumba kilikuwa kimoja, ukutani magodoro, katikati maikrofoni moja tu. Mwimbaji anasimama karibu, mwenye tarumbeta anafukuzwa mpaka mlangoni, mimi na gita langu juu ya kreti la soda. Akikosea mmoja, tunaanza wote upya. Siku hiyo tulishakosea mno, hata mwenye studio alikuwa ameanza kufagia. Mbuzi alipolia, tukasema basi, huyo huyo.

Kuhusu maneno ya kitoto nakubali. Aliyatunga Sukari, mwimbaji wetu. Sauti alipewa, akili alisahau kuichukua.

Sasa nikuombe. Nyimbo zote ziko kichwani mwangu, lakini zimeanza kuchanganyika: mwanzo wa huu unaungana na mwisho wa ule. Kusikiliza siwezi tena, naambulia mtetemo wa meza tu. Wewe zisikilize, uniandikie. Niambie besi inaingia wapi, niambie mimi nafanya nini. Usinionee huruma.

Na je, umeikuta Komeo la Ndani? Lebo yake ni nyekundu. Ile ndiyo iliyonilisha. Popote tulipokwenda watu hawakuturuhusu kushuka jukwaani mpaka tuipige. Nadhani hata nikifa watanizika nayo.

Msalimie mama yako, kama salamu zangu bado anazipokea.

Baba yako.


Tarehe 8 Machi

Baba,

Shikamoo. Nafurahi kusikia uko salama mikononi mwa Shangazi. Mimi nina mafua ya vumbi lako, vinginevyo salama.

Nimefanya ulivyoniagiza. Ule wa mvua: besi inaingia baada ya ngoma kugonga mara tatu, lakini inachelewa kidogo, kama mtu aliyerudi ndani kufuata kofia. Wewe unaingia juu, taratibu, halafu Sukari akishamaliza ubeti unamrudishia maneno yake kwa gita, kwa namna ya kumcheka. Ulikuwa unamcheka, si ndiyo? Nilicheka mwenyewe dukani. Mteja aliyeleta pasi akauliza kuna nini, nikamwambia huyo ni baba yangu. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo, Baba. Nilipoyasema nikaona aibu, sijui kwa nini, kisha nikaona raha.

Ule wa wivu siupendi. Kwani kila mwanamke kwenye nyimbo zenu ana kosa gani? Huyu mlafi, yule mwongo, huyu kaondoka, yule kagoma kuondoka. Nyinyi wanaume wa bendi mlikuwa malaika watupu, mnanuka pombe tu kwa bahati mbaya.

Komeo la Ndani ninayo. Sijaiweka kwenye mashine na sitaiweka. Tuiache hiyo, tuzungumze hizi nyingine.

Na jambo moja: barua zako zinakuja dukani, si nyumbani. Mama hajui kama naandikiana nawe. Naomba asijue kwa sasa. Nitamwambia mwenyewe siku nikiona uso wake uko tayari.

Mwanao, Kinanda.


Tarehe 27 Machi

Kinanda wangu,

Hujambo mwanangu? Mafua yameisha? Kunywa vitu vya moto, acha ubishi. Mimi leo ni mzima kupita kiasi.

Ndiyo, nilikuwa namcheka Sukari! Miaka yote hiyo hakuna aliyegundua, hata Sukari mwenyewe. Wewe una sikio. Umelitoa wapi kama si kwangu?

Sasa kaa chini. Amekuja hapa mtangazaji wa redio, yule wa kipindi cha nyimbo za zamani, kijana mwenye adabu, akaandika maswali yake kwenye karatasi ili nisome. Wanataka kunifanyia kipindi kizima. Jumapili mchana, nchi nzima inasikia. Anasema wamenitafuta mpaka wakadhani nimekufa. Nikamwambia nami nilikuwa nimeanza kudhani hivyo.

Watafungua na Komeo la Ndani. Unasema tuiache, mimi sielewi tunaiacha kwa lipi. Hebu uisikilize kwanza. Ule mwanzo, ninavyogonga mwili wa gita kwa vidole, ko ko ko, kama mtu yuko mlangoni, niliubuni mimi, wakaja kuniiga wengi. Halafu Sukari: "Nimebisha mpaka vidole vimechoka, komeo la ndani nani kalishika?" Ukumbi mzima ulikuwa ukijibu. Kuna mtunzi gani wa siku hizi anayeweza kusimamisha ukumbi kwa swali moja?

Baba yako, ambaye bado yumo.


Tarehe 3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi si mgonjwa, ila sina utani leo.

Naomba wimbo huo usipigwe. Kipindi kifanye, waeleze magodoro na kreti la soda, wapige nyimbo zote zilizobaki. Huo mmoja uwaombe wauache. Sijawahi kukuomba kitu. Hata viatu vya shule sikukuomba.

Labda hukuwahi kuona ulikwenda wapi baada ya kutoka mikononi mwako, kwa sababu ulikuwa jukwaani. Mimi nilikuwa mtaani. Mama akienda bombani, wanawake walikuwa wakigonga ndoo kwa vidole, ko ko ko, halafu wanaangalia pembeni. Muuza duka alimuuliza mbele ya watu, "Leo komeo liko wazi?" Wote walijua ni yeye, maana wote walijua ulifungiwa nje ile asubuhi, na wimbo ukatoka wiki chache baadaye. Nilipokuwa darasa la pili mtoto mmoja aliniuliza yule mwanaume wa ndani anaitwa nani. Tukahama. Kule nako ukatufuata, tukahama tena. Hapa tulipo hakuna anayejua. Mama ni mpishi mkuu wa shule ya bweni, wanamheshimu, watoto wanamwita Bibi Sufuria. Nyumbani kwetu hakuna redio, Baba. Mimi nauza redio, na kwetu haimo.

Na usidhani alikuwa halii. Alikuwa akiosha vyombo na bomba limefunguliwa mpaka mwisho, ili nisisikie. Nilikuwa nasikia. Yeye hajui mpaka leo kwamba nilikuwa nasikia, na sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wewe sasa.

Uliuliza nani kashika komeo. Ni mimi. Nilikuwa na homa kali, nimelala mapajani mwake, ndiyo kwanza nimepata usingizi. Wewe ulikuwa unarudi kumekucha, na marashi ya watu. Aliogopa akinyanyuka nitaamka. Hayo tu ndiyo yaliyokuwamo ndani.

Mwanao.


Tarehe 16 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Natumaini umetulia. Mimi sijalala vizuri tangu nipate barua yako.

Nataka tusemezane kama watu wazima. Nilijua hakuna mwanaume ndani. Nilichungulia dirishani, nikawaona wewe na yeye. Nilikuwa na hasira, na miguu inauma, na tulikuwa tunatakiwa studio na hatuna wimbo. Sasa ningetunga nini? Mtoto ana homa, mke amechoka? Nani atacheza? Watu wanacheza kinachowachoma kidogo. Mimi niliuliza tu nani kashika komeo, sikujibu. Waliojibu ni wao.

Tena wimbo ukishatoka si wangu. Ni kama mtoto aliyeoa, huwezi kumwambia alale saa ngapi.

Lakini nimekusikia. Ya bombani sikuyajua, na ya vyombo yamenipata hapa. Mimi ni mzee, sitaki kwenda nayo kaburini. Mtangazaji anarudi wiki ijayo. Niachie mimi, nitalitengeneza jambo hili kama inavyompasa mwanaume.

Baba yako.


Tarehe 29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa hasira, nikairudia bila hasira. Mwanzo wake umenichefua. Mwisho wake nimeushika. Umesema utalitengeneza, nami nimekuamini. Asante. Sikutegemea kama ningekuja kukuandikia neno hilo.

Nimepata santuri nyingine chini ya sanduku, haina jalada. Ni ala tupu, hakuna mwimbaji, na sijawahi kusikia kitu chenu kizuri kama hicho. Unapiga polepole mno, kama huna haraka ya kwenda popote. Nimeinunua mwenyewe kwa Waya. Nilikuwa nafikiri, mvua zikiisha, nipande basi nije kwa Shangazi siku mbili tatu. Nitakuja na mashine. Utaweka mkono mezani, mimi nitakueleza kila kinachopita.

Nikirudi, nitamweleza Mama. Naona kama uso wake sasa unaweza.

Wako, Kinanda.


Tarehe 20 Mei

Kinanda wangu wee!

Hujambo? Umesikia? Hakika umesikia, dukani kwenu kuna redio mia! Tangu Jumapili watu wanakuja hapa kunishika mkono, Shangazi yako amechoka kuchemsha chai.

Nimelitengeneza. Mtangazaji alitaka kupiga Komeo la Ndani, nikamwambia ngoja kwanza, bila maelezo haipigwi. Nikasema yote. Nikasema: mwanamke yule alikuwa mke wangu, hakuwa na mtu, alikuwa na mtoto mgonjwa. Nimemsafisha mbele ya nchi nzima! Nikasema binti yangu, anayefanya kazi kwenye duka la fundi redio pale karibu na stendi, ndiye aliyenifumbua macho kwa barua. Nikaeleza jinsi mama yake alivyokuwa akiosha vyombo na bomba wazi ili mtoto asisikie kilio. Mtangazaji mwenyewe alifuta machozi, nilimwona. Nikamwambia msikilizaji yeyote aliye na mtoto kwenye shule ya bweni ya mji huo, akimwona mpishi mkuu ampe heshima yake, maana ni mama aliyeonewa.

Halafu ndipo wakaipiga. Wasikilizaji wameomba irudiwe Jumapili ijayo.

Sasa njoo, Kinanda. Hata kesho. Na mama yako akitaka kuja naye, mlango uko wazi. Amesemaje?

Baba yako, aliyetua mzigo.


Tarehe 2 Juni

Baba,

Umeuliza Mama amesemaje.

Jikoni kwao mpishi mwenzake ana redio ndogo, Jumapili huiwasha wakipika chakula cha jioni. Mama alikuwa anakoroga. Aliitambua sauti yako kabla hawajataja jina. Mwenzake anasema hakuacha kukoroga mpaka kipindi kilipokwisha, wala hakuangalia juu. Uliposema mpishi mkuu wa shule, wale wasichana wa kumenya viazi wakageuka wote.

Hakuna aliyekuwa anajua, Baba. Hapa hakuna aliyekuwa anajua! Ulimsafisha uchafu ambao hapa haukuwapo, na ili kumsafisha ukaanza kwa kuwaonyesha. La kuvunda halina ubani. Jumatatu wanafunzi wakubwa walikuwa wameshaupata wimbo kwenye simu zao. Kwenye foleni ya chakula wakagonga sahani kwa vijiko, ko ko ko. Hawakuwa na nia mbaya, ni watoto, wimbo una mdundo. Walimu nao wanamwita pembeni kumpa pole. Mzazi mmoja alimletea kitenge, akamshika mikono, akamwambia naye bomba huwa analifungua.

Hayo yote nadhani angeyabeba. Alirudi nyumbani Jumapili ile, akakaa kitandani na viatu, akaniuliza: "Umemwandikia mara ngapi?" Nikamwambia mara nne. Akauliza tena, "Na ulikuwa unanisikia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Wimbo wake niliubeba kwa sababu tulikuwa wawili. Nilijua kuna mtu mmoja duniani hajui kama niliumia, nikajikaza kwa ajili yake. Kumbe alijua, na akaenda kumsimulia huyo."

Hakunipigia kelele. Ingekuwa heri. Alikunja nguo zake, sasa analala kwenye chumba cha wapishi shuleni. Nikienda, anatoka mwenzake kuniambia ana kazi.

Nilikwambia jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Moja, Baba. Ukalisema redioni.

Sitakuja.

Mwanao.


Tarehe 18 Juni

Mwanangu mpenzi,

Pole. Shangazi yako ameisoma barua yako, akaniandikia kwenye karatasi neno moja ambalo siwezi kukuandikia mtoto wangu. Nilistahili.

Niamini, nilitaka heri. Mimi sikujua kutengeneza jambo pembeni, kwa sauti ndogo. Maisha yangu yote nimesemea kwenye maikrofoni, na yule niliyemkosea alikosewa humo humo, nikadhani ndimo atakamorudishiwa. Nimekaa siku kadhaa bila kula vizuri.

Halafu likanijia. Nilikuwa nimeliweka gita tumboni ili nilisikie kwa mifupa, likaja lenyewe, toka mwanzo mpaka mwisho. Nimemtungia mama yako wimbo. Wa kuomba radhi. Humu hamna fumbo wala swali, ni kweli tupu. Mtangazaji aliposikia alikuja mbio na mashine zake, amenitafutia binti wa kuuimba, sauti yake inapita ya Sukari kwa mbali. Tumerekodi jana. Mwezi ujao wanauachia.

Jina lake ni Bomba Wazi.

Mwambie asikilize. Hata mara moja tu. Akiusikia huo, atajua. Na wewe mwenye sikio, nakuomba maoni yako ya kweli, maana mimi mwenyewe sijausikia wala sitausikia.

Baba yako.


Tarehe 11 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini mzima.

Umeomba maoni, haya. Besi inaingia mapema, kabla ya ngoma, na imefanya vizuri. Yule binti anaimba bila kujikamua. Wewe unampisha kwenye beti, halafu kwenye kiitikio unateremka naye, unapiga kama maji yanayotoka bombani mpaka mtu anaangalia sakafu. Hakuna mbuzi, hakuna maneno ya kitoto. Ni wimbo mzuri, Baba, kuliko zote ulizowahi kutunga. Ningekuwa sikujui, ningekupenda.

Watu hapa wameushika. Waya ameweka spika mlangoni, unapigwa kutwa. Jana nimeona wasichana wanaucheza stendi, wameutungia mtindo: mkono mmoja unafungua bomba, mwingine unafuta machozi.

Mama aliacha kazi wiki wimbo ulipotoka. Mpishi mwenzake anasema aliondoka na begi moja, hakusema anakwenda wapi, na aliomba nisiambiwe hata kama angesema. Nimeuliza kwa Mjomba, nimeuliza kwa majirani wa mitaa yote miwili ya zamani. Hakuna mahali pa kumpelekea barua.

Anwani yangu unayo. Naomba usiitumie tena.

Binti wa mama yake.